Pindo la Shati Ghalani

Lowell Stenrud alikuwa mtu wa kuomba ruhusa kuingia shamba alilozaliwa, na jambo hilo lilimkera kila vuli. Baba yake, Harlan, aliliuza magoti yalipomkatalia kazi. Mnunuzi alikuwa jirani wa ng'ambo ya kijito, Bernadine Kluge, mjane mwenye ng'ombe wa maziwa na sauti ya kuwafikia huko malishoni bila kutoka mlangoni. Harlan hakukaa sana baada ya hapo, alifariki. Lowell akabaki mjini na mkewe Trudy, akifanya kazi kwenye kiwanda cha jibini, na kule shambani hakubakiwa na kitu isipokuwa mwaloni mmoja ukingoni mwa konde la mahindi. Kila vuli aliupanda na upinde wake, akamsubiri kulungu kwenye kiti alichokifunga juu ya tawi. Hata huo mwaloni ulikuwa wa Bernadine. Aliupanda kwa hisani tu.

Na mwaka huu hisani yenyewe ilikuwa inaning'inia kwa uzi. Vuli iliyopita Lowell alimpiga jike mshale wa tumbo, kisha akateremka mbiombio kumfuata kabla giza halijaingia. Mnyama aliyekuwa amelala karibu akakurupuka, akaenda kufa mbali. Lowell alitafuta hadi akachoka, akarudi nyumbani mikono mitupu. Waliomwonyesha Bernadine mzoga ni kunguru, siku kadhaa baadaye, ukiwa ndani ya kijito, juu kidogo ya mahali ndama wake wanapokunywa maji.

Kwa hiyo alipokuja kuomba tena mwezi wa tisa, kofia mkononi, Bernadine aliendelea kusugua ndoo bila kumtazama.

"Mwaka jana uliniachia kunguru," alisema.

"Najua, Bi Bernadine. Niliomba radhi."

"Uliomba radhi, ukaishia kufanya mzaha. Nilikwambia ulete pindo la shati lako ghalani. Ukanijibu nini?"

Lowell aliitazama kofia yake. Pale ghalani, tangu enzi za babu yake, ukuta mmoja ulikuwa umejaa vipande vya mashati vilivyopigiliwa misumari. Ndiyo desturi ya wawindaji wa kwao. Ukimfyatulia kulungu ukamkosa, wenzako wanakushika, wanakukata pindo la nyuma la shati, wanaandika jina lako na mwaka, wanalitundika watu walicheke. Hakuna aliyesalimika. Harlan mwenyewe alikuwa na vipande vingi pale kuliko mtu yeyote. Bernadine aliponunua shamba alihamia nyumba yao, akabadili paa la ghala, akabadili na milango, lakini ukuta ule hakuugusa.

"Nilisema pindo ni la aliyemkosa mnyama," Lowell alijibu kwa sauti ya chini. "Mimi nilimpata."

"Ulimpata. Na kunguru nao wakampata." Bernadine aliipindua ndoo, maji yakamwagika karibu na viatu vya Lowell. "Sasa nisikilize, mtoto wa Harlan. Panda mti wako. Ila ukinipotezea mwingine, lango lile usilifungue tena. Si mwaka huu tu, maisha. Na ukifyatua mshale, kabla hujamfuata mnyama, unakuja hapa unaniambia umetua wapi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Haya. Na unapotoka angalia, usinikanyagie maboga."

Vuli ile Lowell alijinoa kweli. Kila jioni alisimama nyuma ya nyumba akilenga robota la majani makavu, mpaka Trudy akamchungulia dirishani na kumuuliza kama ameamua kulioa. Alicheka, lakini kicheko hakikushuka hadi tumboni. Robota la majani halina masikio wala halikimbii, na hakuna anayekufunga nje ya lango kwa sababu yake. Kulenga hakukuwa tatizo lake. Tatizo lilikuwa wakati wa kufyatua, na hilo hakujua alifanyie mazoezi wapi.

Siku yenyewe ilikuja mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, wakati madume wanapoacha akili nyumbani na kutembea mchana kutwa wakitafuta majike. Redio ya kwenye pikapu ilisema mvua ingefika adhuhuri. Lowell alipanda mwaloni alfajiri, akajifunga mkanda wa usalama, akaupandisha upinde wake kwa kamba. Ulikuwa upinde wa kisasa wenye vigurudumu kwenye ncha, vinavyompunguzia mtu uzito akishauvuta hadi mwisho. Wanasema unaweza kuushikilia hivyo muda mrefu. Wanaosema hivyo huwa wamesimama dukani.

Mwanga ulipokolea akamwona dume.

Alitokea upande wa konde, pua chini, akinusa njia ya jike aliyepita usiku. Pembe zake zilikuwa pana na nyeupe kwenye ncha. Moyo wa Lowell ulianza kumwenda mbio kiasi kwamba aliogopa mnyama atausikia. Akauvuta upinde wakati dume amepita nyuma ya shina. Dume akatokeza upande wa pili, akasimama karibu kabisa, lakini alisimama akimwelekea yeye, kifua mbele.

Hapo ndipo watu wanapoharibu. Kulungu akikugeuzia kifua, kwa mshale huna chochote isipokuwa mifupa mbele na tumbo nyuma yake. Moyo na mapafu unavifikia vizuri akiwa amekupa ubavu, au akiwa ameanza kukupa kisogo. Lowell alijua hayo kama alivyojua jina lake. Akasubiri ageuke. Geuka, alimwomba kimoyomoyo, hatua moja tu, baba. Dume akalamba pua. Mabega ya Lowell yakaanza kuuma, halafu kutetemeka, mpaka ncha ya mshale ikawa inachora duara juu ya kile kifua. Kulikuwa na sauti ndani yake iliyosema: piga, labda utapita. Ilikuwa sauti ileile ya mwaka jana.

Akaurudisha upote wa upinde polepole. Dume akaona kitu kikisogea juu, akapuliza pua kwa nguvu, akatoweka kwa miruko mirefu.

Lowell alikaa akihema. Nusu yake ilitaka kulia kwa uchungu, na nusu nyingine ilijivuna vibaya sana. Alijiona amefaulu mtihani. Alitamani Bernadine angekuwa nyuma ya kichaka amwone. Angejua tu, alijiambia, angejua nimemwacha nani. Na katika kujivuna huko, bila yeye kutambua, akaanza kuhisi kwamba sasa kuna kitu anakidai.

Kwa hiyo jike alipokuja, saa tatu hivi, Lowell hakuwa tena mtu aliyejua kusubiri.

Alikuja peke yake, jike mkubwa aliyenenepa kwa mahindi ya Bernadine, akiokota mbegu za mwaloni chini ya mti. Akasimama ametoa ubavu mzima, kama picha ya kwenye kitabu cha mafunzo. Lowell akavuta. Mkono wa koti lake ukasugua shina, sauti ndogo kama ya mtu anayekunja karatasi, na jike akainua kichwa. Masikio yote mawili yakaelekea juu. Miguu yake ikajikunja kidogo magotini, ikawa tayari.

Na Lowell aliona. Hili ndilo lililomtafuna baadaye, kwamba aliona waziwazi. Kulungu aliyekwisha kukusikia hamsubiri mshale. Upote ukilia tu, ameshaondoka pale alipokuwa. Unatakiwa kushikilia mpaka atulie, arudi kula, atikise mkia, na asipotulia unamwacha aende zake kama ulivyomwacha dume. Lakini mabega yalikuwa yamechoka, ubavu ulikuwa wazi, na yeye alikuwa anadai. Akafyatua.

Jike alichomoka mbele mshale ukiwa hewani. Lowell alisikia mlio wa kutua, mzito na wa majimaji, wala si ule mkavu wa kwenye mbavu. Jike hakukimbia. Alitembea, mgongo umepinda, mkia ameuficha katikati ya miguu, akaelekea kwenye kichaka cha miiba kando ya rundo la mawe, na miiba ikamfunika.

Mwindaji yeyote wa pale akiona mgongo uliopinda vile anajua. Lowell alifumba macho.

Alijizuia kitini kwa muda mrefu, kisha akateremka kimya, akauendea mshale uliokuwa umechomeka ardhini. Hakuwa na haja ya kuuinua. Ulikuwa umepakwa uchafu wa kijani na damu kidogo nyeusi, na harufu yake ilimfikia akiwa bado amesimama. Tumbo, tena. Alitazama kile kichaka, kisha akatazama mbinguni upande wa magharibi, ambako mawingu yalikuwa yamejipanga tangu asubuhi. Kulungu aliyepigwa tumbo anaachwa alale saa nyingi, mchana mzima ikiwezekana, afe kwa amani pale alipojilaza. Ukimwendea mapema anainuka, na akiinuka hutamwona tena. Lakini mvua ilikuwa njiani, na mvua ingefuta kila tone.

Akageuka, akarudi nyuma kwa kunyata, akachukua njia ya nyumbani kwa Bernadine akiwa na mshale mkononi.

Bernadine alimfungulia mlango wa jikoni, akaupokea mshale, akaunusa, akaurudisha.

"Aha," alisema. "Vua viatu."

"Nimempiga tumbo, Bi Bernadine."

"Nina pua. Ameelekea wapi?"

"Kichaka cha kwenye rundo la mawe. Alikuwa anatembea."

"Umemfuata?"

"Sijamfuata. Nimeokota mshale, nikaja hapa."

"Basi angalau mwaka huu umejifunza njia ya kuja kwangu. Kaa. Kahawa iko juu ya jiko, usininywee yote."

Lowell akakaa katika jiko la utoto wake. Meza ilikuwa imehamishwa na kuta zilikuwa na rangi nyingine, lakini dirisha la juu ya sinki lilikuwa lilelile, na kupitia hapo aliuona ukingo wa miti. Baba yake alikuwa akisimama pale na kikombe chake kila asubuhi ya vuli. Lowell aliwaza kwamba huenda leo ndiyo mara ya mwisho kulitazama lile dirisha kwa upande wa ndani. Akaiacha kahawa ipoe.

Akampigia simu Virgil, jamaa wa ng'ambo ya kilima mwenye mbwa anayefuata kulungu waliojeruhiwa. Virgil alikuwa kaunti nyingine, akimtafuta mnyama wa mtu mwingine, na wengine wanamsubiri. Angeweza kufika kesho.

"Kesho mbweha watakuwa wamemmaliza," Lowell alisema alipokata simu.

"Mbweha nao wana watoto," Bernadine akajibu. Alikuwa anamenya viazi. "Mbona unatikisa mguu hivyo? Unanitikisia meza."

"Siwezi kukaa."

"Naona. Hebu nenda kwa ndama ukachukue koleo, utoe mbolea. Ukimaliza zizi la kwanza kuna la pili. Unanizungusha kichwa."

Akaenda. Alitoa mbolea kama mtu anayechimba hazina. Kila alipofika mlangoni na toroli alitazama juu, na kila mara mawingu yalikuwa yameshuka zaidi. Upepo ukabadilika, ukaanza kunukia maji. Alijaribu kuhesabu kwa akili jike yule amelala kwa muda gani, akapoteza hesabu, akaanza upya. Alimwona ndani ya miiba, ubavu ukipanda na kushuka. Aliyemlaza pale ni yeye. Maumivu yale yote yalikuwa yake, na hakuwa na namna ya kumpunguzia isipokuwa kukaa mbali.

Tone la kwanza lilimwangukia shingoni. Akaacha koleo lilipo, akarudi jikoni.

"Inanyesha," alisema.

"Nina macho pia."

"Damu itaoshwa yote."

"Itaoshwa."

"Nikienda sasa hivi bado kuna alama. Nikichelewa hakutakuwa na kitu, nitakuwa natafuta sindano msituni. Wewe unaonaje?"

Bernadine alifuta mikono kwa aproni. "Mimi? Shamba ni langu, mshale ni wako. Ukitaka kwenda, nenda. Lakini nilichosema mwezi wa tisa nilikisema nikiwa na akili timamu. Ukinipotezea huyu, sitaki kusikia habari za mvua."

Lowell aliuendea mlango. Akavaa kiatu kimoja. Mvua ilikuwa inagonga paa la veranda, na kila pigo lilimwambia kimbia. Mwaka jana ilikuwa giza. Mwaka jana pia alijiambia kwamba asipokwenda sasa hivi atakosa alama, na alikwenda, na alama zilikuwepo, akazifuata vizuri sana mpaka akamkurupusha mnyama kutoka mahali alipokuwa anafia. Alisimama mguu mmoja ukiwa na kiatu na mwingine na soksi. Kulungu wa tumbo havuji damu nyingi hata hivyo, alijiambia. Nikimwacha atakuwa palepale. Nikimwendea atakuwa popote. Ilikuwa hesabu nzuri, ila hakuiamini hata kidogo.

Akavua kiatu, akarudi mezani, akavuta sufuria la viazi.

"Nipe kisu," alisema.

Bernadine akampa kisu. Walimenya viazi vya watu kumi mle ndani, wakati nje mvua inamwagika hadi mifereji ya paa ikafurika. Lowell hakuinua kichwa. Alijikata kidole, akakifunga kwa kitambaa, akaendelea. Bernadine akamwekea sahani ya soseji na jibini, akala bila kujua anakula nini. Baadaye mvua ikapungua ikawa manyunyu, na mama yule akatazama saa ya ukutani.

"Twende," alisema, akichukua koti la mvua. "Nikichelewa kukamua, ng'ombe watanitukana."

Chini ya mwaloni hapakuwa na kitu. Majani yalikuwa yamelowa, yanang'aa, safi kama yameoshwa kwa sabuni. Hata tundu la mshale lilikuwa limejaa maji. Lowell alikuwa ameshika upinde, mshale umewekwa tayari, endapo mnyama bado yu hai.

"Wenye tumbo hukimbilia maji," Bernadine alinong'ona. "Yule wa mwaka jana tulimtoa kijitoni. Tuanzie huko?"

"Yule nilimfukuza," Lowell akanong'ona. "Huyu hakufukuzwa na mtu. Nilimwona mwisho kwenye mawe."

"Basi tangulia."

Wakazunguka ili upepo uwe usoni kwao. Rundo la mawe ndilo walilolijenga yeye na baba yake, jiwe kwa jiwe, kila majira ya kuchipua walipokuwa wakisafisha konde kabla ya kulima. Alilifahamu kila upande. Akachungulia kichaka cha kwanza, hapana. Cha pili, hapana. Akapiga magoti akatazama chini ya miiba, akaona matope tu na majani, na pumzi ikaanza kumpaa. Ametoka, aliwaza. Alitoka zamani, nilipokuwa nakata viazi kama mpumbavu, na damu imekwenda na maji. Alimsikia Bernadine nyuma yake akishusha pumzi, na katika pumzi ile alilisikia lango likifungwa.

Akapanda juu ya mawe ili aone ng'ambo. Na pale chini, kwenye majani marefu yaliyoegemea rundo upande wa pili, akaona sikio.

Aliganda. Sikio halikusogea, lakini lilikuwa wima. Akainua mkono kumzuia Bernadine. Wakasimama hivyo manyunyu yakiwaangukia, yeye akitazama lile sikio mpaka macho yakamwasha. Mguu ulimwambia teremka. Akaukatalia. Jani la manjano likaanguka, likatua juu ya shavu la mnyama karibu kabisa na jicho, likabaki hapo. Hakupepesa. Lowell akateremka hatua kwa hatua, akaunyoosha upinde, akaligusa jicho kwa ncha yake. Jicho lilibaki kama lilivyo.

Alipiga magoti, akapitisha mkono chini ya kwapa la jike. Palikuwa na joto. Si lile joto dogo la mnyama aliyekwisha kufa asubuhi. Palikuwa pa moto kama kitanda ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

"Bi Bernadine," alisema. "Hajakaa sana."

Bernadine akainama, akagusa mahali pale. Wote wawili walielewa. Tone la kwanza lilipoanguka, Lowell akiwa na kiatu kimoja mlangoni, jike huyu alikuwa hai, kichwa juu, anasikiliza.

Lowell alibaki amepiga magoti. Bernadine akamshika bega.

"Umempata," alisema. "Neno langu ni neno langu. Lango liko wazi."

Hapo angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Trudy angepika supu, jamaa wa kiwandani wangempiga makofi mgongoni, na mwakani angerudi kwenye mti wake. Alimtazama jike, jani la manjano bado shavuni.

"Alikuwa amenisikia," alisema.

"Nani?"

"Huyu. Alinisikia kabla sijafyatua. Kichwa juu, miguu imeshajikunja. Nilimwona, Bi Bernadine. Sikudanganywa na kitu chochote. Nilijua ataruka, nikafyatua hivyohivyo."

"Kwa nini?"

"Asubuhi nilimwacha dume. Dume wa maana, lakini alinigeuzia kifua, nikamwacha." Alifuta uso kwa mkono. "Nikajiona nimeshakuwa mwema vya kutosha kwa siku moja. Nikaona nalipwa."

Bernadine alitoa kisu chake mfukoni, akamkabidhi, na Lowell akaanza kazi ya kumtoa mnyama matumbo. Ilikuwa kazi mbaya, kama inavyokuwa kwa mnyama wa tumbo, na nyama ya mbavu za upande mmoja ilibidi itupwe. Kisha wakamkokota pamoja kuvuka konde, yule mama akivuta mguu mmoja wa mnyama kwa nguvu kuliko yeye, mpaka ghalani. Wakamfunga kamba, wakamning'iniza kwenye boriti.

Ng'ombe walikuwa wameanza kulia bandani. Bernadine akageuka kwenda zake. Lowell akamwita.

Alikuwa amevua koti. Ndani alivaa shati la flaneli jekundu lenye mirabamiraba nyeusi, jipya, Trudy alimpa siku ya kuzaliwa kwake. Akalichomoa pindo kwenye suruali yake, akachukua mkasi mkubwa wa kukatia kamba za marobota uliokuwa umetundikwa msumarini, akamnyooshea Bernadine upande wa mpini.

"Mimi mwenyewe siufikii mgongo," alisema.

Bernadine aliutazama mkasi, kisha akamtazama jike pale juu. "Pindo ni la aliyemkosa mnyama. Wewe ndiye uliyenifundisha sheria hiyo."

"Kata tu, Bi Bernadine."

Akageuka akampa mgongo, akasimama akiutazama ukuta, vipande vya babu yake vilivyopauka hadi jina halisomeki, na vile vya Harlan, safu nzima. Alisikia mkasi ukipita kwenye kitambaa, mkavu na wa taratibu, na baridi ikamwingia kiunoni. Bernadine akakitandaza kipande juu ya pipa, akatafuta kalamu ya kuandikia hereni za ndama, akaandika jina na mwaka kwa herufi kubwa. Akapanga misumari miwili mdomoni, akaenda kukipigilia kando ya cha mwisho cha Harlan. Hakuharakisha, ingawa ng'ombe walikuwa wanamwita kwa hasira.

Alipomaliza alirudi nyuma kidogo kuona kama kimekaa sawa.

"Kitambaa kizuri," alisema. "Trudy atakuua."

"Ataniua."

Bernadine akautundika mkasi mahali pake, akavaa kofia. Alipofika mlangoni akasimama, mkono kwenye komeo.

"Mwakani," alisema bila kugeuka, "uje na shati kuukuu."